Mrija wa Karani

Makoroboi, saa nne, jua limeshakaa juu ya mawe,
nimeshika kalamu ya baba
kama mtu aliyebeba kiatu kimoja
kwenda kukitafutia mwenzake.
Ya chuma, nzito, imechubuka
pale kidole gumba chake kilipozoea.
Ukiibofya inaitika. Ukiandika, haisemi.

Duka la kwanza, kijana hakuinua macho:
"Biki mia tatu, mama. Chukua mbili, achana na hiyo."
La pili wakanifungulia boksi zima la mirija,
mifupi, minene, mmoja mrefu kama mlingoti
ukaingia nusu, ukabaki unachungulia.
Barabara ya Rwagasore, Bi Varsha
akapandisha miwani, akapima kwa rula ya shule,
akasema aina hii waliacha kuileta
kabla treni haijaanza kuchelewa.
Nikacheka. Ilianza lini kuwahi?

Mlango Mmoja niliupata ulioenea.
Nikalipa, nikabofya, springi ikaruka
ikatua kwenye beseni la dagaa,
na mwenye dagaa, Nyabise wa Ukerewe,
akawachambua kiganja kwa kiganja,
wote wembamba, wote wanang'aa,
mpaka akainua kimoja juani:
"Huyu hana macho. Ndiye wako."
Mrija wenyewe ulikuwa umekauka tangu dukani.

Basi nikaenda kwa Lugwisha, fundi saa,
chini ya ngazi, nyuma ya Soko Kuu.
Akaifungua yote, akaikung'uta kwenye kitambaa.
Kikadondoka kikaratasi kilichoviringwa,
kigumu kama punje ya mtama.

"Nani alipachika hiki?"
Nani mwingine.

Tukakikunjua kwa kibano.
Ukingo wa stakabadhi ya pamba, mwandiko wake:
kilo 41 na nu
na hapo imekatwa.
Jina la mkulima halikubaki.

Karani wa mizani, ghala la Magu, miaka kumi na tisa.
Mtu aliyetuamuru turudishe chenji ya senti hamsini
hata kama duka limefungwa.
Njiani wengine walimvulia kofia,
wengine walitema mate kando.
Sikuwahi kuuliza. Naye hakuwahi kusema
kwamba hata yeye mrija haukumwenea,
kwamba alizunguka maduka haya haya
akarudi na usio wake,
akaziba pengo kwa kilichokuwa mkononi.

Lugwisha akakata mrija wa Kichina kwa wembe,
akapuliza, akapima.
"Umepungua. Milimita mbili, si zaidi.
Nikutilie kipande cha uzi wa nyavu,
au tuirudishe karatasi?"

Akangoja. Saa zake ukutani
kila moja na wakati wake.

Nikasema, irudishe.

Elfu moja na mia tano.
Akanipa gamba la boksi la sigara nijaribu.
Duara, duara, hakuna kitu,
duara, halafu bluu.
Baba aliandika kwa wino mweusi.

Nikaandika cha kwanza kilichonijia:
chumvi, vitunguu,
dagaa wa Nyabise kilo moja na nusu,
na neno lile, nusu,
nikalimalizia lote.