Vitone

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mjini Tampere,
mpanga herufi za risasi
katika nyumba ya chapa nyuma ya kiwanda cha pamba.
Kitabu cha kusoma, darasa la tatu,
ukurasa wa arobaini na moja, shairi la theluji:
beti nne, na chini yake jina,
Impi Särkelä.

Sema kweli, Kauno: herufi zilikuishia.
Ile a yenye vitone viwili kichwani,
ambayo lugha yetu huitumia kama chumvi,
uliimaliza kwenye hadithi ya dubu.
Särkelä lataka mbili.
Kengele ilikwisha lia, msimamizi ameshavaa koti,
nami nikapanga pale: Shairi la jadi.
Kwa lugha yetu ni neno moja tu,
halina kitone.

Kesho yake nilikusudia kurekebisha.
Kesho yake kulikuwa na kalenda za benki.

Chapa ya pili, ya tano, ya kumi na moja.
Watoto wakalikariri, wakawa mabaharia, manesi, walevi,
wakalisoma makaburini na arusini:
"Theluji haigongi hodi,
huingia na viatu vyake vyeupe."
Na ng'ambo ya ukuta wetu, hatua mia hazifiki,
Impi alikuwa akiunga nyuzi zilizokatika.

Miaka arobaini. Kisha mjukuu wake
akanyoosha mkono darasani: Hili kaandika bibi yangu.
Mwalimu akamwambia, kwa upole, kwamba uongo ni dhambi.

Ndipo akaja, na kofia ya sufu,
na daftari la zamu lenye madoa ya mafuta ya mashine,
mistari imekatwa, imerudishwa, imekatwa tena.
Mkurugenzi akafungua droo ya hundi.
Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa, nikasikia:

"Pesa mlinilipa. Nilinunua viatu,
vikaisha. Jina sikuwauzia."

Mkurugenzi akasema, mama, shairi limekuwa la taifa zima,
hiyo si heshima kubwa kuliko jina?
Akamtazama kama mtu atazamaye kitambaa chenye kasoro.
"Theluji ile ilianguka dirishani kwangu saa tisa usiku.
Jadi hakuwa na zamu usiku ule."

Mnyonge mnyongeni, wahenga walisema,
lakini haki yake mpeni.
Kahawa ilinimwagikia kidoleni.
Nikasema: Ni mimi.
Sikuweza kusema zaidi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini;
vitone vinne, nani angeamini?

Nilishuka ghalani, kwenye visanduku vya zamani.
Safari hii nilizihesabu kwanza, nikazitenga,
nikazifuta vumbi kwa mate na kitambaa.
Vikaratasi elfu sita, upana wa kidole,
nami nikavibandika mwenyewe, kitabu baada ya kitabu,
majuma matatu, mgongo ukinilaani.

Siku ya pili alikuja kuangalia.
Akachukua kimoja, akakipeleka mbali na macho,
kama wafanyavyo waliosahau miwani.
Nilingoja aseme neno juu ya jina.

"Vitone vipo," akasema.
Akavua glavu,
akaomba brashi ya pili.