Mguu wa Kulia

Baba alifaulu kipimo cha ukutani.
Herufi zote, mstari kwa mstari,
mpaka ule wa chini wenye udogo wa sisimizi.
Mhudumu pale Kitete akaandika: vema.
Mimi niliyekaa naye benchini tangu saa mbili asubuhi
nilimwona amefumba macho, anawasikiliza
waliomtangulia wakizisoma kwa sauti,
naye anazikariri kama mtoto wa chuo.

Sikusema neno. Nani humshtaki babaye
kwa kuwa na masikio mazuri?

Miaka thelathini na minne alibeba tumbaku,
Urambo hadi Tabora, Tabora hadi Morogoro,
na hakuna mwenye mbuzi aliyewahi kumdai.
Hata leo muulize kona za huko njiani,
atakupa moja moja, na gia zake.
Lakini Jumatatu aligonga geti la Mama Tausi.
"Wamelisogeza," akaniambia.
Kioo cha ubavuni tumekifunga kwa mpira wa baiskeli.
Na taa za pikipiki, jioni,
anasema siku hizi zinakuja na manyoya.

Ijumaa, baada ya swala, akasimama mlangoni na funguo:
"Nyamizi, panda. Nipime wewe.
Ukutani pale nilidanganya."

Tukatoka Ipuli. Mikono ilikuwa ileile,
mikavu, inajua.
Gia ya pili aliiweka kama mtu anayemlaza mtoto.
Cheyo akakipita kibao cha shule bila kupunguza mwendo.
Nikaandika: moja.
Mwanamke mwenye beseni la karanga akatokea kushoto;
aliyemwona ni sauti yangu.
Mbili.
Ya tatu na ya nne sizitaji. Ni baba yangu.

Kwenye reli akasimama mapema, vizuri,
kabla mimi sijaona kitu.
"Umeiona?"
"Nimeisikia."
Behewa la mwisho likapita, vumbi likatua,
naye bado kakanyaga breki,
bajaji nyuma yetu zinatutukana kwa honi.
"Umeandika ngapi?"
"Nne, Baba."
"Mimi nimehesabu sita."

Hatukulia. Tulipatana, kama watu wa sokoni.
Usiku, hapana. Mvua, hapana.
Barabara ya Nzega, hata kwa dawa.
Ana watoto saba, na huyu wa jicho asiyemtaka;
atatolewa, kulia kwanza, kushoto baadaye,
kisha tutarudi kwenye ule ukuta
na safari hii ataziba masikio.
Mpaka hapo, hata mchana, usukani ni wangu.
Nikiwa kazini, Kashindye atampeleka msikitini kwa bajaji,
alipwe asali, nusu lita kwa mwezi,
na asithubutu kumshika mkono wakati wa kushuka.

Na mizinga ya Sikonge?
Hapo alinyamaza mpaka chai ikapoa.
"Nyuki," akasema, "hawaulizi umeletwa na nani."
Akazisukuma funguo mezani kwa kidole kimoja,
taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

Sasa naendesha mimi. Yeye yuko kushoto,
kofia gotini, dirisha wazi,
ananisomea mashimo asiyoyaona:
"Ukiupita mkaratusi, kulia, lipo."
Lipo.
Wakati mwingine ananikera. Nabadili gia,
anaguna; naingia kona, anashika mlango.
Juzi nilimwambia ashuke atembee,
akashuka kweli, akatembea,
nikamfuata polepole robo saa nzima
mpaka tulipochekana.

Na kila mbuzi anapochungulia barabarani
mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu,
pale pasipo na kitu;
zulia limeshaanza kupauka mahali hapo.
Nami nakanyaga breki yangu.
Gari linasimama. Mbuzi anavuka, hana haraka.
Hatuulizani ni mguu wa nani.