Chaki Sakafuni

Fundi Senzota amepiga goti bafuni kwetu, Pasua,
penseli sikioni, chaki mkononi,
anagonga vigae kama daktari agongaye kifua.
"Nani alilaza mabomba haya?"
Baba.
"Ramani iko wapi?"
Alikwenda nayo.

Mwaka wa sabini na nane, bomba za chuma,
zikanona kutu kwa ndani taratibu
hadi tundu la kidole gumba likawa la sindano ya magunia.
Alfajiri koki hukohoa kwanza,
hutema wekundu,
ndipo maji yaje, membamba, kama ya kuazima.

Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
Choo cha kukaa, kimo sentimita arobaini na tano,
maana nyonga ya mama ina chuma sasa
na kuchuchumaa daktari amekataza.
(Mama hajakataza. Anakiita kiti cha hospitali,
anauliza mtu atajisaidiaje
amekaa kama mgeni wa harusi.)
Bomba la inchi nne, kutoka choo hadi chemba.
Kona mbili, si tatu; kila kona ni ahadi ya kuziba.
Koki kuu ukutani, usawa wa mkono wake,
asije akainamia mafuriko.
Vishikio viwili. Vigae visivyoteleza.
Kaka Ndelilio, Dodoma, ametuma laki tatu
na ushauri wa milioni mbili.

"Kazi yote ni mteremko," Senzota anasema.
"Inchi moja kila futi nne.
Ukizidisha, maji yanakimbia, yanaacha mzigo nyuma.
Ukipunguza, vyote vinalala njiani."
Koridoni, juu ya kiti cha plastiki,
mama anacheka mpaka mkongojo unaanguka.
Yeye ni wa Kibosho, wa ukoo wa mfongo;
babu yake alipitisha maji ubavuni mwa mlima
bila pimamaji, bila uzi,
akitazama tu jani linavyoelea.
"Hilo unamfundisha nani, baba?

Na hapo ulipochora si penyewe.
Bomba linapita chini ya kizingiti, linakwepa jiwe.
Jiwe lile lilimshinda.
Siku mbili alilala kifudifudi akilitukana kwa Kichaga,
mimi namshikia chemli,
huyu" (ni mimi) "yumo tumboni, ananipiga teke."

Senzota ananitazama.
Nami natazama kalenda.
Nyundo, patasi, kigae kimoja.
Kweli: jiwe jeusi la mlima, kubwa kama kichwa cha ndama,
na bomba limelizunguka kwa kona tatu, za lazima.
Pembeni yake, tii.
Mdomo mmoja umezibwa kwa plagi na katani,
hauendi popote.

"Hii ya nini?"

Mama hakujibu upesi.
Nje muuza mkaa alipita, akarudi.
"Ya beseni la kunawia," akasema.
"Alisema mwakani."
Mwakani ikaja vita,
sabuni ikawa ya foleni,
kisha ada zenu.

"Chuma hiki hakifai, mama. Kinatoka chote."
"Kitoe. Nimekulilia?
Lakini mdomo uwe hapo hapo."

Naongeza chini ya orodha, mahali palipobana,
juu ya picha ya ng'ombe iliyopenyeza wino:
beseni moja, dogo, jeupe.
Pesa yake sijui. Nimeandika tu.

Jumanne tunafunga maji siku tatu.
Ndoo kwa jirani, mama Eliakunda, amekubali;
choo chake pia, kwa usiku, cha kuchuchumaa,
na mama amefurahi wazi wazi, nimemwona.

Jana usiku alioga kwa kopo, kwa zamu ya mwisho,
mlango umefungwa, muda mrefu kuliko kawaida.
Asubuhi chaki yote imeondoka,
kona, chemba, mishale, vipimo vya Senzota,
imefuata mteremko wa baba mpaka tunduni.

Fundi amechuchumaa, anachora upya.
"Kulia kidogo," sauti inatoka koridoni.
Anasogeza.
"Kidogo tena."