Punje Mia za Mstari 417

Obihiro, theluji imefika dirishani.
Chizuru Kuramochi anahesabu punje mia za soya,
anazimimina juu ya mizani: gramu thelathini na nne.
Kitovu cheupe. Ganda halina ufa.
Mashine inamulika, inatema tarakimu:
protini arobaini na sita,
mafuta kumi na saba.

Ukivuta huku, kule kunapungua.
Miaka kumi na miwili yumo kwenye kamba hii,
akichavusha ua dogo kuliko punje ya mchele
kwa kibano, amebana pumzi,
na wakulima wakimdai magunia.

Ile harufu ya ubichi aliing'oa vizazi vitatu nyuma.
Akajisifu.
Akampelekea Hatanaka, mpika tofu, kilo mbili
ndani ya mfuko wa karatasi.

Hatanaka akakata kipande, akatafuna,
akautazama mvuke.
"Imeganda vizuri. Haimeguki.
Ila hainuki alfajiri ya jikoni kwa mama."

Mchagua jembe si mkulima, haya;
na mchagua mbegu, je?
Daftarini hamna safu ya alfajiri.
Chizuru anachonga penseli,
anapiga mstari pembeni mwa mafuta,
hajui bado ataipima kwa nini.