Gramu Themanini na Mbili

Nimekinunua Mtaa wa Kongo, elfu nane na mia tano.
Muuzaji alianzia kumi na mbili, akaapa kwa kitinda mimba wake.
"Japani hii, bosi." Ubapani pamechongwa
tarakimu tatu na herufi mbili, ambazo mimi na yeye
tulizitazama kwa heshima ileile ya wasiojua.

Chepesi. Hapo ndipo kiliponinasa.
Sonara wa jirani alikipandisha mizani bila kuombwa:
gramu themanini na mbili.
"Kingekuwa dhahabu," akasema, "usingesimama hapa."
Mfukoni mwa shati kinakaa kama barua
ambayo hujaamua kuifungua.

Mpini ni plastiki nyeusi yenye vipele,
jasho la Februari halikitelezeshi.
Skrubu tatu, moja imelegea tangu kuzaliwa.
Kufuli lake ni ulimi mwembamba wa bati;
kikikunjuka hulia *ta!*, nami husikiliza
kama anayesikiliza ahadi ya mdeni:
naamini, ila kidole nimekiweka mbali.

Siku ya kwanza kilinyoa malaika ya mkono wangu.
Jumatatu, stoo, marobota kumi na manne ya vitenge:
kamba zilikatika kabla sijakusudia.
Jumanne maboksi ya vyombo. Boksi ni adui mpole,
karatasi yake ina vumbi ndani, kama mchanga kwenye wali.
Jumatano kikaanza kusitasita.
Alhamisi, juu ya nyanya, kilizunguka ganda
kama mgeni asiyejua mlango uko upande gani.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, walisema.
Hawakusema kikali mpaka siku gani.

Nikakipeleka Gerezani kwa Tabu Kondo, mchomeleaji,
anayesoma chuma kwa cheche.
Akagusisha kisigino cha ubapa kwenye jiwe la mashine,
pumzi moja tu. Cheche zikatoka fupi,
nyekundu, tasa.
"Sasa tazama hii." Akaokota kipande cha springi ya lori:
cheche zikaruka mbali, zikapasuka,
kila moja na vitoto vyake.
"Hii ingekaa kali mwezi mzima. Na mwezi huohuo,
kwa hewa hii yetu ya chumvi, ingeota kutu kama bati la choo.
Chako laini. Hakitaota kutu. Hakitavunjika.
Kitakuchosha tu."
Hakunitoza hata mia.
"Japani," akasema, akashusha miwani yake ya kazi ili acheke vizuri.

Nilirudi nikinung'unika hadi kwa Havijawa,
muuza machungwa wa Mnazi Mmoja,
ambaye kisu chake kimelika mpaka kimebaki unyasi.
Akakipokea changu, akakipima kwa kiganja,
akapindua kikombe chake cha kahawa
na pale kwenye duara la kitako, pasipopakwa rangi,
akakipitisha kumi na mbili huku, kumi na mbili kule,
akifuta na upindo wa kanga.
Kisha chungwa. Ganda likashuka utepe mmoja,
jembamba, refu, likagusa ndoo halijakatika.
"Kinakubali haraka," akasema.
"Changu huchukua robo saa, na matusi.
Wewe ulitaka kisu, au ulitaka kisichokuhitaji?"
Sikuwa na jibu. Nilikula chungwa.

Hukumu basi, kwa atakayeniuliza stoo:
kwa bei yake, chukua. Usikipe mfupa.
Usikitumie kubandulia kopo la rangi, nimejaribu,
ncha yake sasa inatazama Kigamboni.
Kila Jumatano jioni kinadai kikombe na dakika tatu,
nami nampa, eh, nakipa,
naanza kukizungumzia kama mtu.

Ile skrubu nimeikaza kwa tone la rangi ya kucha ya mke wangu.
Imeshika. Nyekundu.
Vijana wa stoo wameiona, wanasubiri nieleze.