Mita Arubaini

Mimi mhasibu tu, ghorofa ya pili, Salala,
feni inazipekua stakabadhi kabla yangu.
Kazi yangu kujumlisha:
betri za vigunduzi, maji ya kunywa, posho,
bandeji, ambazo alhamdulillahi zilirudi zimefungwa.

Mwaka wa kwanza mataifa matano yalikuja
na bendera zao ndogo za mezani.
Mwaka wa pili, matatu.
Mwaka huu kaja kijana mmoja, mpole, ana mafua,
akauliza kwa adabu mita moja inagharimu kiasi gani.
Nikamtajia.
Akaguna. Akaandika.
Akauliza kama zipo mita za bei nafuu.

Ningemwambia nini?
Kwamba Hilali bin Nasibu hulala kifudifudi toka alfajiri,
akiupekua udongo kwa ncha ya kisu
kama mama atafutaye chawa utosini mwa mwanawe,
na adhuhuri amesogea urefu wa msala?
Kwamba vita viliisha kabla hajazaliwa
ila hakuna aliyekwenda kuyaambia mabomu?

Fedha zilikatika Jumanne.
Barua ilikuwa nzuri, ina shukrani tele na muhuri.
Hilali akachomeka kigingi chekundu
pale pale goti lake lilipofika,
akakunja kamba, akashuka mlimani.
Zimebaki mita arubaini
kati ya zizi la Bi Tuful na kisima chake.

Bi Tuful hajui fedha zilikatika kwa sarafu gani.
Anazunguka.
Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi,
ng'ombe nyuma yake, dumu mkononi.
Wajukuu wamepaita mahali pale Deni.
"Mpira umeingia Denini,"
wanaambiana, na mchezo umekwisha.

Bibi yangu, Mola amrehemu,
alirudi kutoka Pemba na sanduku moja na methali nyingi.
Dawa ya deni kulipa, akisema.
Hakusema alipe nani
mtegaji akishakufa.

Leo ukungu wa kharifu umeshuka,
majani yamekifikia kigingi, yamekipita,
bonde zima kijani kimoja,
huwezi kujua wapi palipolipiwa.
Nimefungua daftari. Safu ya mwisho inataka neno:
imekamilika, haijakamilika.
Nikaandika: Bi Tuful anazunguka.

Wamenirudishia.
Wanataka tarakimu.