Daftari la Mikate Iliyobaki

Saa kumi na mbili jioni nafungua daftari,
naandika kilichobaki:
mikate ya ufuta, kumi na mmoja.
Ile mirefu ya ganda gumu, tisa.
Maandazi ya Kifaransa
(Bi Adventina hapendi niyaite hivyo,
ila jina lake lenyewe hunikwama kooni)
ishirini na mawili, yamejikunja kama kamba wa kuchemshwa.

Mkate mmoja, shilingi elfu kumi na nne.
Niliuandika kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kama hundi,
maana mkono wangu haukuamini.

Tanuri lilishushwa bandarini Mtwara,
likavutwa na trekta kwenye mchanga wa Msimbati,
watoto wakalifuata wakidhani ni jeneza la tajiri.
Siagi husafiri siku mbili ndani ya barafu,
ikifika imechoka kuliko dereva.
Chumvi tu ndiyo ya hapa.
Na gesi, naam, iko chini ya nyayo zetu,
hupita bombani kwenda kuwaka kwa watu,
huku kwetu umeme ukikatika
tunasimama gizani
tukisikiliza kinyunga kinavyonywea.

"Kizuri chajiuza," alisema Bi Adventina siku ya ufunguzi,
akakata utepe kwa kisu cha mkate.
Wakala watu sitini, bure.
Kesho yake wakaja wanne.
Wawili walikuwa wamepotea njia ya kwenda mitamboni.

Mimi si mtabiri. Mimi nahesabu.
Vyumba kumi na vinane; mwezi wa nne, vitano vina watu:
fungate moja, mtafiti wa kasa,
na wahandisi watatu wanaokula kambini
kwa kuwa kambini hawalipi.
Mkopo wa benki haujui masika wala kiangazi.

Kisha mnada ukapita, korosho zikapata bei,
na Bwana Likwenya wa Madimba akaja na bodaboda mbili,
ya pili imembeba mkewe, viatu vipya mkononi.
Akasoma bei. Akasoma tena.
"Mnauza au mnafukuza?"
Akatoa bunda, akanunua keki nzima,
akala kipande, akamwambia mkewe neno kwa Kimakonde
lililomfanya Somoe aangue kicheko jikoni.
Nilimwuliza baadaye.
"Kasema ni tamu kama usingizi wa mchana:
ukiamka, njaa iko palepale."

Somoe ndiye mwokaji wetu.
Mama yake hukaanga vitumbua nje ya ukuta, mia mbili kimoja,
na wageni wetu, jamani, wageni wetu wa vyumba,
hutokea lango la nyuma na kandambili
kupanga foleni na walinzi.
Bi Adventina aliwaona. Hakufoka.
Alinunua kimoja, akala amesimama,
mafuta yakimtiririka hadi kiwikoni,
akaniuliza, "Huyu anapata faida kiasi gani?"
Nikasema: anapata.
Zaidi ya hapo sijui.

Usiku mikate hupita mlango wa jikoni ndani ya viroba.
Watoto wa kijijini wanajua ganda lipi liliungua,
ufuta upi ni wa mwaka jana,
wanagombania ncha.
Hakuna mteja mwenye ulimi kama wao,
na hakuna hata mmoja katika hesabu zangu.

Juzi Somoe alichanganya unga wa muhogo
na korosho zilizovunjika, zile zisizokwenda mnadani,
akaumba vimikate, akavibandika elfu moja
bila kumwuliza mtu.
Saa nne asubuhi vilikuwa vimekwisha.
Bi Adventina akalitazama sinia tupu
kama mama anayemwona mwanawe
akiitikia jina jingine.

Hajasema ndiyo, hajasema basi.
Yuko juu, anaongea na benki.
Safu ya kesho iko tupu,
na Somoe, unga hadi viwikoni, anapaza sauti:
"Kesho nikande ngapi?"

Nimeshika kalamu.
Nje, mama yake anazima jiko.
Yeye hana kilichobaki cha kuandika.